Kamba Ileile, Kiwanja Nusu

Siku niliyomnyang'anya mwenyekiti wa kitongoji kamba mbele ya watu, mwanangu Minza, ulikuwa mgongoni mwangu, nami nilifoka mpaka ukalia.

Barabara ya magari ya mgodi ilikuwa imekata viwanja, chetu na cha jirani. Tukapewa vingine viwili, vyote vya pembe tatu. Huku kwetu Geita kiwanja hupimwa kwa uzio wake wa minyaa: kamba ikizunguka sawa, mmegawana sawa. Cha jirani kilikuwa na pande za mita 13, 14 na 15. Chetu 7, 15 na 20, chembamba kama ulimi wa ng'ombe, nyumba na jiko havienei. Mzunguko wa vyote ni 42.

Nilijua tangu siku ya kupima. Kidato cha nne sikukipita bure. Lakini babu yako alikuwa amekaa pale, na mkamwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Nikameza. Mwenyekiti aliporudi na kamba kumwonyesha jirani pa kuchimba msingi, nikashindwa kuvumilia, nikamnyang'anya.

"Kamba ni ileile, Mama Minza," akacheka. "Au kwako inasinyaa?"

"Kilichosinyaa ni kichwa chako!"

Hayo nilimwambia mtu wa umri wa baba yangu. Watu wakaangua kicheko. Babu yako, naye akiwapo, akainuka, akaondoka. Aibu ile, mwanangu, hadi leo inanichoma usoni.

Nilimfuata nyumbani, nikapiga magoti, nikamchorea chini. Nusu ya mzunguko ni 21. Toa kila upande kwenye 21, zidisha majibu hayo matatu pamoja na 21 yenyewe, tafuta kipeuo cha pili. Cha jirani, mita za mraba 84. Chetu, 42.

Akatazama sana. "Nusu! Na ulikaa nayo tumboni siku zote hizo? Si ungemwambia mama mkwe wako aniambie? Ukangoja uitapike barabarani."

Basi wewe, ukijua jambo, liseme mapema, sauti ingali yako. Mungu akujalie ulimi mpole kuliko wangu, na usioogopa.

Kesho yake nilimwomba mwenyekiti radhi. Kisha nikapeleka baraza la kata karatasi hii, yenye dole gumba la babu yako kando ya sahihi yangu:

"Nalalamikia ugawaji wa viwanja viwili kando ya barabara mpya. Ulipimwa mzunguko, eneo halikupimwa. Naomba hesabu ifanywe upya mbele ya watu wote, na uchimbaji wa msingi usimame hadi hapo."