Sauti ya Wifi na Chai Iliyomwagika

Wifi yangu ana mdomo, na hapa simsengenyi. Mwenyewe anajua, maana mdomo huohuo ndio unaomlisha. Anauza dawa za mende, kunguni na panya kwenye kibanda mbele ya soko, na zamani alikuwa akiita wateja mpaka koo linamkauka. Kaka yangu, mumewe, ni fundi redio, mtu mpole asiyeweza kumfukuza hata nzi. Akamwonea huruma. Asubuhi moja wakiwa jikoni alimrekodi kwa simu, akaitia sauti ile kwenye spika ndogo, wifi akapumzisha koo.

"Mende, kunguni, panya! Ukiwachekea leo, kesho watakudai kodi!" Halafu katikati, bila hata kuvuta pumzi: "We mwanamume, chai inamwagika!" Na kwa mbali, sauti ya kaka: "Nimeiona, mke wangu, nimeiona!"

Kaka alitaka kukikata kipande hicho. Wifi akakataa, kwa kuwa wateja walisimama kucheka, na anayesimama hununua. Wauza dawa wenzake wakaja kuomba mwito ule, akawapa wote. Ndiyo desturi yao pale: mwito mzuri unagawiwa kama chumvi kwa jirani. Muda si muda, kila kona ya soko chai ilikuwa inamwagika.

Shida ililetwa na kampuni kubwa ya dawa za wadudu. Mwito ule ukasikika kwenye matangazo yake ya simu, na chai yake vilevile. Kisha wakala wake akaja kibandani kumwamuru wifi azime spika, eti anaiba tangazo la kampuni. Wifi alifika kwangu jioni, akakaa bila hata kunitania.

"Wifi," akasema, "wamenikataza mdomo wangu mwenyewe."

Mimi ambaye kila siku namwombea anyamaze kidogo, siku hiyo niliumia kumwona amenyamaza.

Tukaenda ofisi ya hakimiliki, mimi, wifi na kaka. Afisa wa pale, mwanamke mtaratibu, akaziita pande zote mbili chumbani kwake. Wakili wa kampuni hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba walilinunua tangazo kwa mtengeneza matangazo, naye aliwahakikishia kuwa sauti zile ni za waigizaji wake.

"Sheria inamlinda aliyetunga maneno na aliyeyatamka," afisa akasema. "Sasa tujue ni nani. Mama, hebu tuitie kama unavyoita sokoni."

Wifi akasimama. Akakohoa. Ikatoka sauti nyembamba, ya mtu anayeomba maji ugenini. "Mende... kunguni..." Haikufanana hata kidogo. Wakili akainamisha macho, na mimi nikaona tumekwisha.

"Si neno, mama. Tusikilize tangazo lenyewe," afisa akasema, akabonyeza simu yake.

Kaka yangu yuko kwenye kiti cha mwisho, feni inampepea, usingizi umeshamchukua. Hiyo ndiyo tabia yake: mkalishe penye upepo, umempoteza. Mende wakapita, panya wakapita, hana habari. Ikafika, "We mwanamume, chai inamwagika!"

Kaka akaruka kutoka kwenye kiti, mkono mbele, akilitafuta sufuria lisilokuwepo. "Nimeiona, mke wangu, nimeiona!"

Simu nayo ikasema hivyohivyo, wakati uleule, kwa sauti ileile.

Wakili ndiye aliyeanza kucheka. Afisa alivua miwani akafuta macho. Kaka alibaki amesimama, akiuliza kwani kuna nini, na wifi akamshika mkono akamkalisha.

Wakili alitoka kupiga simu, akarudi na maneno mazuri. Spika ya wifi isiguswe tena. Tangazo wanaliondoa, ila wangependa kulitumia kwa ridhaa yake, na kwa malipo. Hapo mdomo wa wifi ukarudi nyumbani kwake.

"Mende na kunguni chukueni, tutaelewana. Chai hapana."

"Lakini mama, watu wanaipenda hiyo chai!"

"Sokoni wanamjua ninayemwita," wifi akasema, mkono wa kaka bado ameushika. "Huko kwenye masimu yenu si kila mwanamume ataitika? Mimi ninaye wangu."