Mtutu wa Masolwa

Hasira za Anselm hazikuwa na desturi ya kubisha hodi. Watu wa njia ya Kipalapala walilijua hilo tangu akiwa mchungaji mdogo, alipomvunja beberu wa jirani pembe kwa kosa la kutafuna shati lake lililoanikwa. Ukubwani hasira zile zilipata nyundo. Serikali ya Mwingereza ilimwajiri katika karakana ya reli mjini Tabora, kazi yake kupiga ribiti, ile misumari minene ya kuunganishia vyuma, na kunyoosha vyuma vilivyopinda, na huko walimpenda, kwa kuwa chuma hakina mdomo wa kulalamika. Nyumbani alipiga meza. Mkewe, Apolinaria, alijifunza kuondoa sahani mapema.

Lakini mtu huyo huyo, akikaa kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba, mbele ya injini yake, ungedhani kabadilishwa. Ilikuwa injini ndogo ya mvuke, mfano wa zile zilizovuta mabehewa kwenda Kigoma, ila hii ungeibeba kwapani. Sehemu zake zote alizichonga kwa tupa. Gurudumu lake alilisugua kwa majivu mpaka likang'aa, na ukiligusa kwa kidole lilizunguka muda mrefu kabla ya kukumbuka kusimama. Anselm alilitazama huku amebana pumzi. Apolinaria, nikisema kweli, alilionea wivu dude lile, maana halikuwahi kupigiwa kelele hata siku moja.

Kilichokosekana ni silinda, yaani lile bomba fupi ambamo pistoni huenda na kurudi ikisukumwa na mvuke. Bila hiyo injini ni pambo. Kwanza alijaribu pampu ya baiskeli. Ilipasuka mvuke ulipopanda, ukamchuna ngozi ya kifua, naye akaitupa pampu ile kwa nguvu hata ikatoboa paa la nyasi la jirani. Halafu akajaribu bomba la maji, nalo ndani lilikuwa na mshono na makovu kama uso wa aliyeugua ndui. Alitaka chuma kinene, kilichonyooka, laini ndani. Kilikuwepo kimoja tu alichokijua, nacho kilining'inia juu ya kitanda cha mama yake.

Ilikuwa gobore ya ukoo, bunduki ya kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Babu yake Anselm alibeba pembe za ndovu hadi pwani kwa njia ile ya misafara iliyopita nyuma ya mashamba yao, akalipwa bunduki, akarudi nayo begani mtu mwenye jina. Alipokufa ikawa ya Masolwa, baba wa Anselm na kaka yake Hilari.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo nyumba ile haikulisema. Mwaka Wajerumani walipoukimbia mji wa Tabora, Masolwa alikamatwa njiani akabebeshwa mzigo wa vita. Mwaka uliofuata akaja mpagazi mwenzake, miguu imevimba, akasema amemwacha Masolwa amelala kando ya njia ya Mahenge, nzi mdomoni. Kwa watu wale, mwenye mji akifa, bunduki yake hulia kabla ya watu kulia. Mjomba Kashindye, kaka wa mama, akaishusha gobore, akatia baruti nyingi ya heshima, akashindilia tambara, akatoka nayo uani. Mama yao, Getruda, akasimama mbele ya mdomo wa bunduki.

"Mmemwona amekufa? Mmemzika?"

"Dada, mtu ameleta habari."

"Ameleta miguu yake iliyovimba. Mume wangu hajaniletea."

Akamnyang'anya bunduki, akaitundika mahali pake. Kuitoa baruti haikuwezekana, kwani kilichoshindiliwa kwa ajili ya maiti hakichokolewi. Hulia au husubiri. Ikasubiri. Getruda akapiga marufuku neno matanga nyumbani kwake, na kwa miaka ishirini na ushei hakuna aliyethubutu. Hilari, mtoto wa kwanza, aliyaona yote kwa macho yake. Anselm alikuwa usingizini mgongoni kwa mama. Kila mtu alidhani Anselm anajua, na mwenyewe hakujua kwamba lipo la kujua.

Jumamosi moja mchana akaenda kwa mama yake, mkono ukimwasha kuishika ile bunduki.

"Shikamoo, mayo."

"Marahaba, mwanangu. Kifua kimepona?"

"Kimepona. Mayo, naomba ile gobore. Sitaki yote. Nataka kipande cha mtutu, huku nyuma kwenye unene."

Getruda alikuwa anabangua karanga. Mikono ikasimama.

"Baba yako akirudi akauliza bunduki yake, nimjibu nini? Nimwambie umeikata ukatengenezea mwanasesere?"

"Baba hatarudi!"

Hilo hakuna aliyewahi kulisema mle ndani. Mama akamtazama mpaka Anselm akainamisha kichwa, kisha mama akachukua ungo wake, akatoka kwenda kupepeta nje. Angemfukuza ingekuwa afadhali. Anselm alibaki peke yake na ile bunduki, hasira zimemjaa mpaka kwenye kope, akapanda kitandani kwa mama yake na viatu vyake vya kazi, akaishusha.

Hilari alimkuta kwenye njia ya misafara, akitoka kulina asali. Alikuwa mkubwa kwa umri na kwa mwili, mkulima wa karanga na mfuga nyuki, mtu mpole asiyemwua hata nyuki aliyemuuma. Alipoiona bunduki akatua mzinga.

"Irudishe."

"Nipishe, kaka."

"Irudishe, Anselm. Hujui unachobeba."

"Nabeba chuma. Nyinyi mnakiabudu, mimi nakifanyia kazi."

Hilari akaushika mtutu. Wakavutana, vumbi likapanda. Hilari akamkaba shingo mdogo wake, akamkandamiza kwenye mti, akafungua mdomo aseme la pili, na hapo kitako cha gobore kikaufunga. Taya lilivunjika kwa mlio wa ukuni mkavu. Hilari akakaa chini, ameshika uso kwa mikono miwili, damu na mate vikimtoka katikati ya vidole. Anselm alimtazama. Moyo ulimwambia ainame amwinue. Akaruka mzinga wa asali, akaenda zake.

Usiku huo hakula. Apolinaria alimwuliza damu ile kwenye shati ni ya nini, akajibiwa kwa meza.

Jumapili Apolinaria akambeba mtoto wao Katarina, akaenda misa. Anselm akabaki. Aliuvua mtutu kwenye ubao wake, akaubana kwenye jiliwa, akautia waya mrefu ndani mpaka ulipogota, akaweka alama, akaulaza waya juu ya mtutu. Ulipungua vidole vinne. Alifikiri kidogo, akasema moyoni kwamba wazee walipenda vizibo virefu vya kufungia mtutu nyuma. Ndivyo alivyokosea fundi yule, aliyeweza kusikia ufa wa ekseli kwa kuigonga tu. Chuma alikijua, ila bunduki hakuijua. Karakana haikumfundisha kwamba mtutu unaweza kuwa na kitu ndani kilichosahauliwa na kila mtu isipokuwa wenyewe walioogopa kukitaja.

Kizibo kilishikwa na kutu, hakikutaka kufunguka. Akawasha makaa, akalaza ule upande mnene motoni, mdomo wa mtutu ukatokeza nje kuelekea mlangoni. Akashika mivuo, akaanza kupuliza. Makaa yakawa mekundu.

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Hilari, anahema kama mtu aliyekimbia shamba zima, na kweli alikuwa amelikimbia. Uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki mistari, na kitambaa cha mama kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini. Akauona mtutu motoni. Sauti ikamtoka, si neno, ni ngurumo ya ng'ombe aliyekwama topeni. Akainua mikono yote miwili.

"Umekuja kulipiza?" Anselm akasema. "Njoo basi!"

Hilari akatikisa kichwa. Akajaribu tena kusema, damu mbichi ikachuruzika kwenye kitambaa. Kisha akaacha maneno, akaurukia mtutu.

Anselm alikuwa ameshika koleo la chuma. Alimpiga nalo begani. Hilari hakuacha. Akampiga mkononi, mfupa ukalia, na bado kaka yake alivuta, akilia machozi, akimsukuma Anselm kwa kiwiko mbali na moto. Anselm akaushika mtutu katikati kwa koleo. Wakavutana makaa yakimwagika miguuni, ngozi ikinuka. Mkono wa kulia wa Hilari ukateleza kwa damu, ukaishia kwenye mdomo wa bunduki, kiganja kikauziba.

Baruti ya mjomba Kashindye ilikuwa haijaoza.

Anselm alirushwa ukutani. Masikio yalijaa mlio mmoja mwembamba na kibanda kikajaa moshi mweupe, mchungu. Alipoweza kuona, alimwona Hilari amepiga magoti, anautazama mkono wake wa kulia kwa mshangao, maana mkono ulikomea kwenye kifundo. Mbele ya kifundo palikuwa na ngozi tu na vipande vyeupe vya mifupa. Mtutu ulikuwa chini, umepasuka nyuma, mahali pale pale alipopataka.

"Kaka," Anselm akasema. "Kaka Hilari. Kaka." Akavua mkanda wa suruali, akamfunga mkono akikaza kwa meno.

Hapo ndipo alipomsikia mama yao.

Kutoka ng'ambo ya shamba la karanga Getruda alikuwa anaomboleza. Hakika ilikuwa sauti yake, lakini haikuwa ya mtu aliyeshtuka. Ilikuwa ndefu, imetulia, imepanda kutoka mbali, na kila ilipofika mwisho ilitaja jina: Masolwa, mume wangu, Masolwa. Wanawake wa jirani wakaanza kumwitikia, mmoja, kisha wengi. Anselm alikuwa amempakata kaka yake anayevuja damu, na mama analilia mtu mwingine. Alidhani mama amerukwa na akili.

Hilari alisikia naye. Akafumba macho, machozi yakapenya kwenye kitambaa.

Walimpeleka mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe. Hospitali waliukata mkono vizuri, wakamfunga taya kwa waya, akalala huko majuma mengi akinywa uji kwa mrija. Anselm alikuja kila siku akitoka karakana. Alikaa chini, si kwenye kiti. Hakuna aliyempeleka polisi, kwani Hilari, alipoulizwa na askari, alionyesha kwa mkono uliobaki kwamba ni ajali. Nyumbani matanga ya Masolwa yalikaliwa, kichwa cha Getruda kikanyolewa, na Anselm alikaa pembeni ya waombolezaji asijue aweke wapi macho.

Siku waya ulipotolewa, Hilari alilisogeza taya huku na huku, polepole, kama mtu anayejaribu mlango uliovimba kwa mvua.

"Siku ile nilitumwa," akasema.

"Usiongee, kaka. Utajiumiza."

"Mama alinitazama usiku kucha nikitema damu. Alfajiri akasema: basi. Mume wangu akirudi atakuta nini? Watoto wake wanauana kwa bunduki yake. Afe yeye, nyinyi mpone." Akapumzika. "Akasema, nenda kamwambie mdogo wako bunduki nampa. Ila ina baruti ya baba yenu. Kwanza mumpigie baba, nyinyi wawili, ndipo aikate atakavyo."

"Niliyabeba maneno yote njia nzima," Hilari akasema. "Nilipofika hayakutoka."

Mtu aliyevunja taya lile alikuwa amekaa sakafuni. Aliinama mpaka paji la uso likagusa saruji, akalia kwa sauti, mbele ya wagonjwa na wauguzi, na hakujali nani anamtazama.

Injini ile haikuwahi kupumua. Watu wanapenda kunambia kwamba aliivunja, lakini hakuivunja, aliifunika gunia. Tangu mwaka ule mpaka uzee wake aliyalima mashamba mawili, la kwake na la Hilari, la Hilari kwanza. Nyuki hakuwaweza, walimuuma kila msimu, naye hakuwaua. Meza ya Apolinaria ilipata amani. Sisemi kwamba hasira zilimtoka. Aliziona zikija, akatoka nje.

Lakini siku ambayo watu wa njia ile huizungumza ni ile Hilari aliporudi nyumbani. Getruda alikuwa kizingitini, kichwa kimeanza kuota mvi fupi. Aliambiwa habari ya mkono, ila hakuna aliyemweleza ulivyokatika, naye alikuwa hajauliza. Akaushika mkono ule mfupi, akaugeuza. Kisha akamtazama Hilari, akamtazama na Anselm aliyebeba furushi la nguo nyuma yake.

"Nilisikia mlio," akasema. "Nikasema moyoni, wamepatana, wanampigia baba yao. Ndiyo maana nikalia. Niambieni, ni nani aliyeifyatua?"

Anselm akafungua mdomo.

"Tuliishika wote wawili, mayo," Hilari akasema. "Mimi mbele, yeye nyuma."

Getruda akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaingia ndani kuwapakulia.