Nusura nimwanike fundi wa Lanet kwa spea zilizotoka kiwandani

Wakuu, nawasalimu kutoka huku Mau Narok kwenye baridi. Uzi huu ulikuwa uwe mwingine kabisa. Nawapa yote yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mimi nauza mbegu za viazi. Kazi hii imenifunza kushuku watu. Unafungua gunia, juu viazi vizuri, chini takataka. Kwa hivyo nikinunua kitu, nakagua mpaka chini.

Juzi nikajinunulia road bike mpya, ya kwanza maishani. Ikaja ndani ya katoni mpaka Lanet, pale Nakuru, kwa Mzee Wekesa, fundi ambaye amenivumilia na baiskeli kuukuu kwa miaka. Ilikuwa msimu wa kupanda, sikuweza kushuka Nakuru. Nikamwambia afungue aunganishe tu.

Siku ya kuichukua nikaanza ukaguzi.

Levers za gia: ile kampuni kubwa ya Kijapani, kama tangazo lilivyosema. Safi.

Cheni: jina lingine. Krenki, pale pedali zinapofungwa: jina lingine tena. Breki: jina ambalo sijawahi kulisikia.

Damu ikanichemka. Nani hajui michezo ya mafundi? Unaacha spea orijino, unarudishiwa za kuokota.

Nikamuuliza. Akasema imekuja hivyo. Nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Akanyoosha mkono kuelekea katoni. Nikamwambia abaki nayo awashie jiko, nikaondoka na baiskeli.

Nyumbani nikaandika uzi. Jina lake, picha ya kibanda chake, onyo kwa watu wote wa Nakuru. Nikauweka kwa simu, nikisubiri Jumamosi. Tulikuwa na ride ya kwenda Kikopey kula nyama choma, na nilitaka wenzangu waone ushahidi kwanza.

Tulipofika Kikopey wenzangu wakakimbilia nyama. Mimi nikabaki kwenye baiskeli nikipiga picha. Hapo ndipo nikaona pacha wa yangu ameegemezwa ukutani. Rangi tofauti, modeli ileile.

Nikapiga magoti. Cheni, jina lilelile. Krenki, lilelile. Breki, zilezile.

"Boss, unatafuta nini kwa baiskeli yangu?"

Alikuwa mama anayeitwa Chebet, mwenye duka la baiskeli Naivasha. Nikajieleza haraka kabla hajaita watu. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Kampuni ya fremu haitengenezi gia," akaniambia. "Inanunua. Ikikuwekea seti yote ya Mjapani, bei inapanda na wewe unaenda kwa jirani. Kwa hivyo wanaweka Mjapani mahali mkono wako utasikia, na mahali tangazo litasoma vizuri. Zingine wanachukua za bei nafuu zenye zinafanya kazi."

Akaongeza kwamba saddle na usukani mara nyingi huwa na jina la kampuni yenyewe, na kwamba wakati mwingine wanafunga tu kile walichopata kwa wingi. Breki ndizo za kuangalia, akasema. Zikikusumbua badilisha brake pads kwanza, usikimbilie kununua breki zingine.

Wakuu, afueni niliyosikia siwezi kuipima. Baiskeli yangu ilikuwa nzima. Na ule uzi ulikuwa bado kwa simu yangu, hakuna aliyeusoma. Niliufuta palepale, kidole kikiwa na grisi ya cheni.

Lakini neno nililosema mbele ya wateja lilikuwa limeshatoka.

Tukirudi nikasimama Lanet. Mzee Wekesa alikuwa anaziba tyubu. Wateja walikuwepo, nikashukuru, kwa sababu nilitaka na wao wasikie. Nikasema nimekosa, baiskeli ilikuja hivyo kweli, na yeye si mwizi.

Akamaliza kuziba kwanza. Kisha akavuta ile katoni kutoka nyuma ya kibanda, akatoa karatasi ya kiwanda yenye orodha ya kila spea. Cheni, krenki, breki, yote yameandikwa. Na kando ya kila moja kulikuwa na alama ya penseli.

"Nilitiki nikifungua, kwa sababu wewe haukuwa hapa," akasema. "Nilitaka ukikuja usikuwe na maswali."

Nikamwomba anipe ile karatasi.

Funzo langu ni fupi: ukinunua baiskeli nzima, soma orodha ya spea kabla ya kusoma sura ya fundi. Majina kuchanganyika ni kawaida.

Ile karatasi nimeibandika ukutani dukani, juu ya mizani.

Haya, na nyinyi semeni. Nani mwingine hapa amewahi kumwita mtu mwizi kumbe ushahidi aliuacha kwa katoni?