Udongo wa Ukuta wa Mama Mudogo

Nilirudi Kasongo na mashine ya kutambua madini ya chuma, na majivuno juu yake. Unapaka unga wa udongo kwenye ncha ya penseli, unaichovya katika asidi, unapitisha umeme. Kila aina ya madini inayeyuka kwa volti yake. Nikapima udongo wote wawili, kisha nikamtangazia mama mudogo kwamba udongo mwekundu wa ukuta wake hauwezi kutoka kwenye shimo la udongo wa njano kule Lusangi, kama anavyodai. Ni madini mawili tofauti kabisa!

Alitupa bonge la ule wa njano kwenye makaa ya mbabula, chini ya birika. Tulipomaliza chai akalitoa: jekundu kama ukuta.

“Tunachomaka kwanza, mutoto wangu. Haukuuliza.”

Siku hizi, kabla ya kuwasha mashine, ninauliza: huu ulipita motoni?