Velo ya Bonaventure

Waliosomesha wanafunzi wa Uvira ni wafu. Mtu asikudanganye na habari za ruzuku. Kule chuo kikuu, ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, kila chama cha wanafunzi kilipewa chochote mwanzo wa mwaka, ila chama cha watoto wa Uvira kiliambiwa: nyinyi wageni, jitegemeeni. Haya, wakajitegemea. Walikuwa na kwaya nzuri, na huku kwao Kongo, baada ya vita vya waasi wa Mulele, karibu kila nyumba ilikuwa na matanga ya kuanua. Watu walikuwa wamefia milimani na kwenye matete ya mto Ruzizi, maiti hazikuonekana, na familia isiyo na kaburi ilitaka angalau wimbo. Likizo ya kiangazi ikifika, wanafunzi walivuka na mashati yao meupe, wakaimba mtaa wa Kimanga, wakaimba kijiji cha Runingu, na walichopewa ndicho kilicholipia chumba, karatasi na mafuta ya taa mwaka mzima. Ukiwa umeshiba utaona ni aibu. Wao hawakuwa wameshiba.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Émérance, binti wa mkulima wa Runingu, msichana pekee katika chama kile. Akianza yeye, hata waliofuata pombe tu walijikuta wanalia. Sauti nzito ya chini ilikuwa ya Bonaventure wa Kimanga, mpaka mwaka wa sitini na nne alipotupa vitabu akawafuata waasi. Émérance alimpenda, tuseme wazi, na hakuwahi kumwambia. Tangu aondoke, kila wimbo ulipofika mahali pa sauti ile, msichana alinyamaza kidogo, kama mtu anayempisha mwenziwe mlangoni. Wenzake walizoea.

Kiangazi cha sitini na sita alikuwa shambani kwa mama yake, analima muhogo karibu na matete. Mtu akatoka kwenye matete. Émérance alidhani ni mzimu, jembe likamponyoka. Kumbe ni Bonaventure, amebaki mifupa na macho. Hakuomba chakula, aliomba chumvi. Huko mafichoni chumvi ilikuwa imekwisha zamani, na miguu yake ilikuwa imevimba. Émérance alikuwa na chumvi kidogo kwenye jani la mgomba. Kwa haraka akaimwaga chini, akaizoa na mchanga wake, akampa hivyo hivyo.

"Minye nilishakufa, Émérance," Bonaventure akamwambia. "Ukinipenda, usiseme umeniona."

Juma lililofuata akaja Damien, rais wa chama, anameremeta kwa furaha. Mama Marie, mama yake Bonaventure, ameamua kuanua matanga ya mwanawe, na kwaya ataipa velo, ile baiskeli ya marehemu. Velo, jamani! Kule Bujumbura wachuuzi wa mikate walikuwa wakikodi velo kila asubuhi, na velo moja ingekilisha chama mwaka mzima. Damien alikwisha kukubali bila kumwuliza mtu. Émérance akasema mwaka huu haimbi, na alipoulizwa sababu akasema koo linamwuma. Damien akamjibu kwamba koo lina majuma mawili ya kupona.

Wazee wa Runingu walisema kumlilia mtu aliye hai ni kumchimbia shimo. Émérance alikuwa amesoma, lakini kusoma hakumwondolei mtu bibi yake. Aliona akiimba, atamwua. Asipoimba, ataimba mwingine, na yule mama atamzika mwanawe mzima bila kujua. Mwisho akashuka Kimanga kwenda kumweleza ukweli.

Alimkuta uani anachambua ndagala. Akaanza kuzungukazunguka: eti Mama, siku hizi watu wanarudi, eti Mungu ni mkubwa. Mama Marie hakuinua kichwa.

"Ile chumvi uliyomupa ilikuwa na mchanga," akasema. "Alilalamika meno."

Émérance akakaa chini bila kukaribishwa. Mama Marie akamweleza polepole, huku vidole vikiendelea na samaki. Mwanawe hupitia nyuma ya choo siku akiweza. Na askari wa serikali huja kila juma, hupiga mlango teke, na mara ya mwisho walimvunja mkono Basile, mdogo wake, wakimwuliza kaka yuko wapi. Nyumba inayongoja mtu, askari huiona kama inaficha mtu. Lakini nyumba iliyonyoa nywele na kugawa vitu vya marehemu, nani ataisumbua? Hakuna mama anayegawa velo ya mtoto aliye hai.

Émérance akamwambia habari ya shimo. Akamwambia anaogopa.

"Kama wimbo unaua, mwanangu, bunduki iko ya kazi gani?" Mama Marie akamwuliza. "Weye imba tu. Imba mpaka na askari walie."

Siku ya matanga ua ulijaa mpaka barabarani. Mama Marie alinyolewa mbele ya watu. Askari wawili walikaa mstari wa mbele, wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi, waliyopewa kwa heshima. Émérance alikuwa amepanga kudanganya, lakini alipofungua mdomo uongo haukutoka. Alilia kweli, akaimba kweli, na alipofika pale mahali pa ile sauti nzito akanyamaza, na ua wote ukasikia kwamba mtu hayupo. Askari mmoja akaweka kikombe chini, akajifunika uso kwa kofia. Walipoondoka walimpa mama mkono wa pole, na mlango ule haukupigwa teke tena. Damien naye akaondoka na velo, anaisukuma kwa mkono. Kuipanda mbele ya watu wale alishindwa.

Mwaka ule chama kilikula vizuri kuliko miaka yote. Velo ilitoka alfajiri na mikate, na kengele yake ikilia chini ya dirisha, Émérance aliitika usingizini, "Niko huku." Wenzake wakamtania kwamba amepata mchumba muuza mikate. Akawa anakisukuma pembeni chakula cha chama. Alimwomba Damien wauze ile velo, na Damien akamwuliza kama ana homa.

Kiangazi kiliporudi, Mama Marie akamwita. Mchunga ng'ombe mmoja wa Rurambo, kule milimani, aliyeshuka kuuza siagi, alikuwa amemletea habari. Bonaventure alikufa kwa homa huko juu mvua zilipokuwa zinakatika, na mchungaji huyo ndiye aliyemzika kwa mikono yake, akamfunika kwa mawe. Sasa alikuwa amekufa kweli, na hakuna wa kumlilia. Mama Marie angemwita nani? Mji mzima ulikwisha kumlilia, pombe yake ulikwisha kuinywa, velo yake inazunguka na mikate Bujumbura. Kulia tena kungekuwa kuwaambia askari kwamba mwaka jana walichezewa, na Basile bado analala nyumba ile ile.

"Mama, ni wimbo wangu?" Émérance akamwuliza.

"Ni homa," Mama Marie akasema. Akakaza kanga kiunoni. "Sijui, mwanangu. Minye ndiye nilikuita uimbe."

Akamwingiza jikoni, akafunga mlango, akatia kuni mbichi kwenye mafiga. Moshi ukajaa chumba. Kisha akamwomba amwimbie mwanawe tena, chinichini, majirani wasisikie. Émérance akafungua mdomo. Maneno yote aliyajua, lakini sauti haikuja. Alijaribu tena, ikatoka pumzi tu. Ule wimbo ulikwisha kulipia chumba na mafuta ya taa, na mwingine hakuwa nao. Wanawake wawili wakakaa wakitazamana kwenye moshi, machozi yanawatiririka, hakuna aliyetoa hata kwikwi.

Louise, jirani wa ukuta kwa ukuta, akasukuma mlango kuomba moto. Akawaona macho mekundu, akashtuka, akauliza nani amekufa.

"Hakuna mutu," Mama Marie akasema. "Ni moshi."

Louise akacheka, akachukua kaa lake la moto, akawaambia siku nyingine wasikubali kuuziwa kuni mbichi.