Fungua-Tuzike na Kizibo cha Chai

Sokoni kwetu Tabora kuna treni ya plastiki ya kuchezea inayouzwa ndani ya boksi jekundu. Boksi lina maandishi ambayo hakuna anayeweza kuyasoma, kwa hiyo watu wameipa jina lao wenyewe: Fungua-Tuzike. Unafungua, unaunga vipande vya reli kuwa duara, unaweka betri, inazunguka kidogo, inakata roho, mnazika. Wapo wanaosema jina hilo nimelitunga mimi. Uongo. Mimi nililisambaza tu shule nzima, mpaka mwalimu wetu wa fizikia akawa anamwita hivyo mwanafunzi anayeanza swali kwa mbwembwe na kukwama katikati. Mara nyingi mwanafunzi huyo ni mimi.

Ndiyo niliyompelekea babu, kwa utani. Babu alikuwa mpishi wa behewa la chakula kwenye treni ya Dar na Kigoma mpaka anastaafu. Kisukari kilikuwa kimeondoka na mguu wake wa kushoto, na tangu hapo hakufika stesheni tena. Kwetu Itetemia, kukitulia, honi unaisikia. Kila ilipolia aligeuza shingo kama mtu aliyeitwa jina. Nikaona nimletee treni barazani, iharibike, tucheke.

"Mume mwenzangu," akasema. Aliniita hivyo hata baada ya bibi kufariki. "Hii nayo ina behewa la chakula?"

"Haina, babu. Hiyo inakufa kabla watu hawajasikia njaa."

"Nani kasema?"

"Tabora nzima."

"Tabora nzima ilisema hata yangu ni mkweche. Na ilikuwa inapanda hiyo hiyo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akainamia kile kitreni, akakigeuza tumbo juu, akazungusha gurudumu kwa kidole. Halafu akaniambia kwamba treni haipimwi kwa mbio wala rangi, inapimwa kwa chai: ukimimina chai treni ikiwa inakwenda na chai isimwagike, hiyo ni treni. Akaniagiza kizibo cha soda. Akakijaza chai kutoka kwenye kikombe chake, ile chai isiyo na sukari aliyoruhusiwa, ambayo mwenyewe aliiita maji ya kusuuzia sufuria, akakiweka juu ya behewa la mwisho.

"Izunguke mara moja tu bila kumwaga. Ikiweza, ufute lile jina huko shuleni kwenu."

Haikufika hata nusu. Ilianguka kwenye kona, chai ikamwagikia saruji.

Aliyecheka kuliko wote ni jirani yetu, mama mmoja wa Kizaramo aliyeolewa huku zamani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda Pwani na kulala kwao njiani. Kwa hiyo yeye anaruhusiwa kukutukana mpaka ukome, na huruhusiwi kununa.

"Mnyamwezi!" akamwita babu kutoka uani kwake. "Ulikuwa unabeba mizigo kichwani, sasa unabeba chai kwenye kizibo? Umeshuka cheo!"

"Njoo uone, mtani. Kwenu mnajua ngoma tu, treni hamzijui."

"Treni yenyewe marehemu! Na wewe mwenyewe umebakiwa na gurudumu moja!"

"Ndiyo maana tunaelewana," babu akajibu.

Basi likawa ndilo jambo lake. Nikitoka shule namkuta ameinamia reli. Kwanza tuligundua kwamba baraza letu lina mteremko ili maji ya mvua yatoke, kwa hiyo kitreni cha watu kilikuwa kinapanda mlima. Babu akadai sinia, lile kubwa la pilau la shughuli. Duara la reli likaingia humo kama limepimwa, ukingo ukazibana zisitanuke. Halafu nikaenda sokoni kuchokoza wauzaji, nikaona kitu nilichokuwa nakipita kila siku: maboksi yale wanayapanga juani tangu asubuhi ili rangi ivutie wateja. Jua la Tabora hili! Reli zinapinda kabla hujazinunua. Tunazioka wenyewe, halafu tunamtukana Mchina.

Lakini sitamtetea aliyeitengeneza kwa kila kitu. Meno ya gia yake ndani ni laini kama jibini, mota ikichemka inanuka, na pale reli mbili zinapokutana kuna kijingazi kidogo kilichotutesa kuliko vyote. Kila treni ilipopita pale, chai iliruka. Kwa hiyo ukiniuliza kama kiwanda kile kinastahili jina baya, nakwambia kinastahili nusu. Nusu nyingine ni yetu. Nilipomweleza babu hesabu hiyo, alikiweka kitreni chini.

"Nusu naikubali," akasema. "Sisi watu walikuwa wanatupa jina baya zima."

Hapo ndipo nilipoelewa, nami ni mzito wa kuelewa mambo ambayo hayachekeshi. Miaka yote ile alikuwa anasikia abiria wakisonya, treni imechelewa, treni mbovu, treni ya makabwela, naye amesimama kwenye behewa linaloyumba, birika mkononi, akihakikisha hakuna anayeungua. Hakuwahi kuulizwa kuhusu chai.

Jioni moja alichukua mshumaa, akausugua kwenye kile kijingazi mpaka kikajaa nta, akaisawazisha kwa ukucha wa dole gumba. Mimi nilikuwa nishashika kizibo.

"Acha igande," akasema. "Tutajaribu kesho."

Kesho yake alfajiri alikuwa anapumua vibaya. Mama akamtafutia gari, wakaenda hospitali. Mimi nikaenda shule, nikawachekesha watu kama kawaida. Niliporudi, nyumba ilikuwa imejaa viatu mlangoni.

Siku ya kuanua matanga, mtani, yule jirani yetu, alikuja kufanya kazi yake. Kwa wasiojua: msibani mtani ana haki ya kumuigiza marehemu, na kuteka kitu mpaka kikombolewe. Alikuwa amevaa koti la babu na kofia yake, amekunja mguu mmoja ndani ya gauni, anaruka kwa magongo ya babu, anasonya vile vile babu alivyokuwa anasonya. Watu walicheka mpaka wakalia, na waliokuwa wanalia wakacheka. Mimi peke yangu sikuweza. Mimi! Nilikaa kwenye ukingo wa mkeka nikitazama yale magongo.

Akajitupa chini mbele yangu. "Leteni sinia langu!"

Likaletwa, na treni ndani yake. Akajaza kizibo kutoka kwenye kikombe alichokuja nacho, akakijaza pomoni, akakiweka juu ya behewa la mwisho.

"Leo tunamzika na huyu," akatangazia watu. "Fungua-Tuzike!"

Akawasha. Ikatoka. Ikapita robo ya duara. Ilipokaribia kwenye nta nikafumba macho, na sikusikia kitu zaidi ya ule mlio mwembamba wa mota, zzzz, ukienda mbele. Nilipofumbua ilikuwa imerudi ilipoanzia. Mtani akaizima kwa kidole. Chai ilikuwa inacheza cheza kwenye ukingo wa kizibo, haijatoka hata tone.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtani mwenyewe alikuwa amesahau kuigiza. Ule mguu aliouficha ulikuwa umetoka nje, yeye hana habari.

Nilitaka kumwambia mtu mmoja tu. Nikageukia kiti cha babu.

"Haya, mjukuu," mtani akasema. "Treni naichukua. Nimeiteka. Ikomboe kwa kichekesho kimoja, wewe ambaye huwa huishiwi."

Watu wote wakanigeukia, wakisubiri. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikanyoosha mkono, nikakiinua kile kizibo polepole nisikimwage, nikakinywa.

Ilikuwa imepoa. Mtani alikuwa ameitia sukari.