Ushuhuda Nilioutoa Kanisani Umenirudia

Admin, jina langu lifiche, na majina yote humu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, fundi cherehani hapa Babati, naishi Maisaka na mume wangu. Nawaomba mapema msinijazie mistari ya Biblia kwenye komenti. Biblia nimeisoma, na jumuiya yetu ya sala hapa mtaani nimeiongoza miaka minne. Ninachotaka ni mtu mwenye akili timamu anijibu.

Mwanangu wa pekee, Eliya, alifariki mwaka jana akiwa na miaka minane. Homa ya uti wa mgongo. Wodi hiyohiyo alilazwa Neema, mtoto wa jirani yangu, ugonjwa uleule, wiki ileile. Jumuiya ikafunga siku tatu kwa ajili ya watoto wote wawili, majina yao yakisomwa pamoja, la Eliya likianza. Mimi nilifunga mpaka nikaanguka pale kwenye korido, nesi akaninywesha uji kwa ukali. Neema akapona. Wangu nikamzika.

Sawa. Nilisema ni mapenzi ya Mungu kama tulivyofundishwa. Halafu Jumapili moja Mama Neema akaitwa mbele kutoa ushuhuda, kavaa kitenge kipya, ndugu zake wamejipanga nyuma yake. Akasema Mungu alimponya mwanawe kwa sababu walimwomba bila kuyumba. Kanisa zima likapiga makofi na vigelegele, kisha wakaanza kunitazama mimi kwa kuibia. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeyumba? Niliinuka nikatoka, nikarudi nyumbani kwa miguu nikitukana njia nzima. Kanisani sijakanyaga tena.

Mume wangu ni mtu mpole. Aliniambia sijaacha kuamini ila nimekasirika, maana mtu hawezi kumkasirikia asiyekuwepo. Maneno hayo yaliniudhi kuliko ya Mama Neema. Nikaamua kujichunguza kweli kweli. Hivi mimi niliamini kwa sababu gani? Niwaambie bila kuficha: nilikaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto, mawifi wananisema kila sikukuu, halafu nikapata mimba. Basi, sababu ni hiyo tu. Mungu alikuwepo kwa kuwa mimi nilipewa. Na sasa hayupo kwa kuwa mimi nimenyang'anywa. Nilijiona mtu mjinga sana.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba hata mimi nilitoa ushuhuda. Eliya akiwa na miezi mitatu nilisimama palepale aliposimama Mama Neema, mtoto mgongoni, nikasema kwenye kipaza sauti kwamba Mungu hamnyimi mtoto mwanamke anayemwomba kwa moyo safi. Nilipigiwa vigelegele hivyohivyo. Na benchi la pili alikuwa amekaa Rehema wa Bonga, ambaye ana miaka zaidi ya hamsini, hajawahi kuzaa, na wanawake wa rika lake wote ni Mama fulani, yeye anaitwa Dada Rehema mpaka leo. Mimi sikumwona siku ile. Nilimwona juzi kichwani mwangu, nikiwa nimekaa kwenye cherehani, baada ya miaka yote hiyo, na aibu ikanishika nikashindwa hata kukanyaga pedeli.

Nikafunga kazi nikaenda Bonga kumwomba msamaha. Na mjue kwamba kwenye msiba wa Eliya huyu Rehema ndiye aliyeosha vyombo siku zote tatu, hakuniambia neno hata moja kuhusu Mungu, nami nikadhani ni busara. Nilimkuta anapepeta maharage. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza kilichonileta. Ungo ukamtoka mikononi. Akaanza kulia akasema:

"Mama Eliya, mimi ndiye wa kukuomba msamaha. Siku ile ulipotoka kusema, nilipiga magoti palepale kwenye benchi nikamwomba Mungu akunyang'anye. Niliomba mara moja tu. Nikafika nyumbani nikatubu, lakini nilikuwa nimeshaomba."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka. Nikajikuta nimeondoka bila kuaga, na jioni akanitumia ujumbe kwamba Alhamisi, jumuiya ikisalia kwangu maana ni zamu ya nyumba yetu na mume wangu bado anasali nao, atakuja kuungama mbele ya watu wote, nimkubalie au nimkatalie, ila hawezi kuendelea kubeba mzigo huo. Mume wangu sijamwambia.

Nina hasira ninavyoandika haya. Nikikubali kwamba Mungu yupo na anasikia, basi mimi na jumuiya nzima tulifunga siku tatu, mwenzangu akaomba dakika moja kwa wivu, na akasikilizwa yeye. Mungu wa namna hiyo simtaki, na Rehema simsamehe mpaka nakufa. Wachungaji wataniambia Mungu hasikii maombi mabaya. Haya, na yale mazuri alikuwa anayasikia? Nikisema hayupo, mambo yote yanakaa sawa: mwanangu alikufa kwa ugonjwa, Rehema alisema maneno hewani kwa uchungu niliomtia mimi mwenyewe, na naweza kumkumbatia mbele ya jumuiya bila kinyongo.

Lakini siku tunamzika Eliya, kabla hawajafunika, niliinama nikamwambia mama atakuja, anisubiri. Nikisema Mungu hayupo, nani anamsubiri nani?

Alhamisi ni keshokutwa. Nishaurini jamani, huyu Rehema akisimama sebuleni kwangu, nimjibu nini?